Kalamu za Delcambe

Clément Mwansa alikuwa na akili zake timamu katika mambo yote isipokuwa moja, nalo lilikuwa kalamu. Tena si kalamu zozote, maana huo ungekuwa ugonjwa wa kawaida. Makarani wenzake wa Elisabethville walijigamba kwa kalamu za majina makubwa, zile zilizotangazwa katika magazeti ya Wabelgiji, na siku hizi wengi walikuwa wamezitupa hata hizo wakahamia kalamu ya biki, ambayo haidai wino wala adabu. Yeye alitaka Delcambe. Ukimuuliza Mbelgiji mwenyewe Delcambe ni nani, alikuna kichwa. Ilikuwa karakana ndogo ya mtu na shemeji yake huko Tournai, iliyotengeneza kalamu za wino kwa miaka michache kisha ikafa wakati wa vita. Kwa sababu asiyoijua mtu, kalamu zake nyingi zilikuwa zimeletwa Kongo na kugawiwa katika shule za misheni kwa vijana waliomaliza vizuri.

“Basi ziko humu humu,” alizoea kusema. “Zimelala katika makoti ya wazee.”

Na alizifuata huko kwenye makoti. Ya kahawia aliipata kwa mkatekista mmoja wa Mitwaba, aliyekubali kuiachia baada ya Clément kumsikiliza kutwa nzima akisimulia ugomvi wake na padri. Nyekundu aliikuta kwa fundi viatu aliyekuwa akiitobolea mikanda, na nusura amwage machozi mbele ya watu. Nyeusi ilikuwa ya mjane wa mwuguzi. Alipozipata alizisafisha kwa maji ya uvuguvugu, akazibadilishia mfuko wa mpira unaonyonya wino, akazilaza katika sanduku la sigara alilolitandika mahameli na kulikatia vitanda, kila kalamu na chake. Kitanda kimoja kilikuwa kitupu. Mtu akitazama sanduku hilo, jicho lilikwenda pale palipokosa kitu kabla ya kuona vilivyopo.

Iliyokosekana ni ya kijani, na uchungu wake ni kwamba haikuwa mbali. Ilikuwa nyumba ya pili, ng'ambo ya ua, katika mfuko wa shati la rafiki yake Stanislas Ntumba. Stanislas alikuwa Mkasai, mtu wa jimbo la Kasai, karani kama yeye, na mara nyingi alimsindikiza katika safari zake za kuwinda kalamu, akimcheka njia nzima. Ya kwake alikuwa ameirithi kwa baba yake, mzee aliyekuwa na tabia ya kuitafuna nyuma kila alipofikiri. Alama za meno zilikuwa bado zinaonekana.

— Stanislas, mon vieux, uniuzishe ile stylo, alisema Clément karibu kila Jumapili.

— We! Unataka niuzishe meno ya baba yangu?

Wakacheka, wakanywa bia yao, na Jumapili iliyofuata Clément akaomba tena. Mtaa mzima wa Katuba ulizijua habari za kalamu hizi. Nadhani hata kuku wa mtaa walikuwa wanaijua hadithi ya mkatekista wa Mitwaba.

Yupo na mtu mwingine wa kumjua hapa, Mama Nkandu, muuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu. Clément alikuwa wa ukoo wa mbuzi. Mama Nkandu alikuwa wa ukoo wa chui. Kwao mbuzi na chui ni banungwe, yaani watani tangu enzi za mababu. Wanazikana, wanatukanana mchana kweupe, na mtani akiingia nyumbani kwako akabeba kitu, basi kimebebwa. Hudai, huombi, hununi. Anayemnunia mtani wake amejivua nguo mwenyewe. Chileshe, mke wa Clément, alipofariki, watu walikuwa wanalia, na Mama Nkandu akaingia matangani amevaa koti la Clément na kijiti mfukoni, akapita mbele ya maiti akitembea kwa maringo ya karani, akamwomba radhi marehemu kwa kuchelewa kwa sababu alikuwa anatafuta wino. Clément alicheka siku hiyo, na kucheka kule ndiko kulikompa pumzi ya kuendelea. Alimpenda mwanamke yule, na alimwogopa.

Kisha Katanga, jimbo la mji huu, ikajiita nchi. Ikapata bendera yake na noti zake, na watu wa Kasai, waliokuwa wamejaza ofisi na maduka ya mji huu kwa miaka, wakageuka kuwa wageni. Mwaka wa pili wa kujitenga mambo yaliharibika kabisa. Nyumba zao zikapigwa mawe, nyingine zikachomwa. Kwa maelfu wakakimbilia kambi ya ONU, yaani Umoja wa Mataifa, wakajenga vibanda vya magunia na mabati. Karani mwenye kalamu mfukoni alidhaniwa Mkasai kabla hajafungua kinywa, na Clément mwenyewe alianza kutembea mfuko mtupu.

Asubuhi moja Stanislas alikuja uani. Nyuma yake alisimama mkewe, Mado, na godoro kichwani.

— Clément, tunaenda ku camp. Hii stylo nikiibeba, ku barrière ya askari batanijua mbele sijasema jina. Na kule camp banaiba sana. Unichungie.

— Nitakuchungia. Utaikuta.

— Stanislas, alisema Mado, umuachie sufuria. Umuachie kiti. Ile, apana. Bantu ya hapa beko bamoja tu.

Wao wawili nyumbani walizungumza Kikasai. Maneno hayo aliyasema kwa Kiswahili, makusudi, ili Clément ayasikie, na Clément aliyasikia. Stanislas aliona haya. Akaiweka kalamu katika kiganja cha rafiki yake, akakifunga kwa mikono yake miwili, wakaondoka.

Jambo la haki lilikuwa kuifunga kalamu kitambaani na kuiweka peke yake chini ya nguo, mahali pa vitu vya watu. Clément alilijua hilo. Ila macho hayana pazia, na sanduku lilikuwa pale mezani na kitanda chake kitupu. Akasema ataiweka kidogo tu, aone. Iliingia barabara. Alikaa akizitazama zote pamoja, rangi zote za Delcambe ambazo labda hakuna mtu duniani aliyewahi kuzikusanya mahali pamoja, na furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa kiasi kwamba haikumwachia nafasi ya kumfikiria Stanislas. Nitaitoa kesho, alisema. Kesho hiyo haikufika. Desemba, mizinga ilipolia mjini, alilala chini ya kitanda na sanduku kifuani, na huko chini likamjia wazo jepesi sana. Vita vinapoteza vitu. Mtu akiambiwa kitu kimepotea vitani, atabisha nini? Alilifukuza wazo hilo. Hata hivyo lilijua njia ya kurudi, na kufikia mwanzo wa mwaka mpya, akizisafisha kalamu zote, alikuwa anasema “zangu.”

Jumamosi moja mchana vijana watatu wenye fimbo waliingia bila kubisha. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta mali ya Wakasai iliyoachwa kwa majirani.

— Papa, tunasikia unafichaka bintu ya Bakasai.

Sanduku lilikuwa mezani, wazi. Clément alisimama mbele yake kulificha. Kijana mmoja alikuwa tayari amenyoosha shingo kutazama nyuma yake, na hapo ndipo Mama Nkandu alipoingia na beseni lake la ndagala. Jinsi alivyopiga kelele, ungedhani nyumba imeshika moto.

— Eeeh! Nani anakuja kukula mbuzi yangu? Mi njo chui! Bintu ya hii nyumba yote ni yangu, tangu bankambo, tangu babu zetu! Toka, mbuzi we, toka nyuma ya meza, usinipandishie hasira!

Akamvua Clément kofia akaivaa mwenyewe. Akakamata blanketi, akakamata sufuria, akalifunga sanduku pwaa! akalizika chini ya samaki. Alipomfikia Clément na kuanza kumpapasa mkanda, vijana walikuwa wameshika mbavu.

— Ah, ni banungwe, alisema mkubwa wao. Tubaache. Mama, umuachie ata suruali!

— Suruali nitarudia kesho!

Wakatoka wakicheka, wakaenda kusumbua nyumba nyingine. Clément aliketi kitako sakafuni. Mama Nkandu naye akaondoka, beseni kichwani na kofia juu ya beseni, bila kugeuka nyuma.

Kesho yake sufuria ilirudi, blanketi likarudi, na kofia pia. Sanduku halikurudi.

Mwanzoni Clément aliona ni sawa, pengine anangoja mtaa utulie. Mtaa ulitulia. Akaanza kwenda sokoni kununua ndagala asizozihitaji, akasimama mbele ya meza yake akisema habari za mvua. Mama Nkandu alimpimia samaki kwa ukarimu, akavinusa vidole vyake.

— Leo ndagala yangu inanuka muzuri. Utasema wino.

Wanawake wa soko wakaangua kicheko, na Clément akacheka nao, kwa sababu angefanya nini? Angekuwa mwizi, angeshtakiwa. Angekuwa mdeni, angedaiwa. Mtani hana mahakama. Alirudi nyumbani akaipita meza tupu, na nasema kweli kwamba ilimuuma kwa namna aliyoona aibu nayo, katika mji ambao watu walikuwa wamepoteza nyumba na watoto. Kuona aibu hakukuyapunguza maumivu.

Katikati ya mwaka, mapatano yalipofikiwa ya kuwarudisha watu wa kambi makwao, Mama Nkandu alikuja kwake. Alikuwa na desturi ya kuuza samaki mlangoni mwa kambi, na habari za huko alizijua kabla ya magazeti.

— Stanislas anaenda, alisema. Train ya ONU, kesho kutwa. Ananiambia: Mama, uambie Clément aniletee stylo ya baba.

Clément alisikia huzuni, na ilikuwa huzuni ya kweli, maana alijua rafiki huyo hatamwona tena. Lakini nyuma ya huzuni, kwa haraka ya panya, ilipita furaha, kwa sababu Mama Nkandu alikuwa amelitoa sanduku katika kitenge akaliweka juu ya magoti yake.

— Sasa sikiliza, mbuzi. Kintu yako, mi nilikamata, nilikula, inaisha. Lakini kintu ya muntu aliyekuachia, chui hawezi kukula. Ile itakuwa wizi, na mi si mwizi. Donc uniambie, we njo unajua. Humu ndani, ya Stanislas ni gani?

Akalifungua. Zilikuwa zote, hakuna hata moja iliyochubuka. Nyeusi, kahawia, ile nyekundu ya fundi viatu, na ya kijani katikati yao. Clément aliona wazi kilichokuwa mbele yake. Akisema ni ya kijani peke yake, nyingine zimekwisha, kwa sheria ambayo hata chifu haigusi. Miaka yote ile, mabaraza yote ya wazee, vyote tumboni mwa chui.

— Yote, alisema.

— Yote?

— Yote ni ya Stanislas. Mi nilikuwa nachunga tu.

Mama Nkandu alimtazama. Kumbuka alikuwa mkazi wa mtaa uleule, na ya mkatekista alikuwa ameyasikia mara zisizohesabika. Angeweza kusema. Badala yake alizipitishia kalamu kidole, moja moja, kama mtu anayekagua maharage, kisha akafunga kifuniko.

— Ah bon. Kumbe Stanislas iko tajiri, na mi nilikuwa namuhurumia. Basi kesho kutwa tutamupelekea. Mi na we. Mi njo nitabeba.

Akasimama, akaondoka na sanduku.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii ya Clément haikufika hata mlangoni. Alikuwa amedhani atamwachia sanduku, achomoe ya kijani ampelekee mwenyewe, na nyingine zilale mezani pake salama. Sasa angefanyaje? Akimkimbilia kumwambia “nilidanganya,” atakuwa mbuzi aliyemdhulumu chui kwa kutumia jina la rafiki, na kalamu atazikosa vilevile. Siku iliyofuata, kazini, alipanga maneno. Atamvuta Stanislas kando. Atamwambia, chukua yako, hizi nyingine unirudishie kimya kimya, nitakueleza kwa barua. Stanislas ataelewa. Stanislas ni mtu wa kuelewa.

Stesheni ilijaa magodoro, mabeseni, cherehani, kuku wamefungwa miguu, na askari wa ONU wenye kofia za buluu waliokuwa wanaonyesha kwa mikono kwa sababu lugha haikuwapo. Clément alimpita Stanislas mara mbili kabla ya kumtambua, jinsi alivyokonda. Mado alikuwa amekwisha kupanda, ameketi dirishani, uso wake umeelekea upande mwingine. Na Mama Nkandu, aliyekuwa amefuatana na Clément njia nzima bila kumwacha hatua, alilishusha sanduku kutoka kichwani akalitoa kwa mikono miwili.

— Bintu yako hii. Clément anasema yote ni yako.

Stanislas alifungua. Alichukua kwanza ya kijani, akapitisha kidole gumba juu ya alama za meno, akafumba macho kidogo. Kisha akazitazama nyingine. Alizijua zote. Ile nyeusi waliifuata pamoja, juu ya baiskeli moja, hadi Kampemba, Clément akiendesha na yeye nyuma akiimba. Akainua kichwa.

— Clément. Unanipa yote?

Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa. Mama Nkandu alikuwa ameinama akitazama kuku wa mtu mwingine kwa makini, kama ambaye hajawahi kuona kuku. Clément aliutazama uso wa rafiki yake. Ulikuwa uso wa mtu ambaye kwa muda wote ule hakupewa kitu na mtu; aligawiwa tu, unga, maziwa ya poda, akisimama mstarini. Na sasa uso huo ulikuwa unamwuliza.

— Ndiyo, alisema. Kule mutaanza kila kintu upya. Utakuta bakarani benye habana ya kuandikia.

Neno “ndiyo” lilipita kooni likiwa bado nusu uongo, na alilisikia lilivyokwaruza.

— Mado! Stanislas aliita, akiinua sanduku dirishani. Mado, uone! Nilikuambia nini? Akamgeukia Clément, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Mon frère, hii mwaka yote mi nilikuwa namubishia bibi yangu. Na kuna siku nilichoka kubisha. Nilikuwa najisemea: Clément iko anaipenda sana ile stylo, atasema ilipotea mu vita. Unihurumie. Nilikuwazia mubaya.

Clément alilijua wazo hilo. Lilikuwa lake, neno kwa neno, la chini ya kitanda. Hapakuwa na mtu mwingine pale stesheni aliyejua kwamba Stanislas alimwazia sawa kabisa, na kwamba anaomba radhi kwa kuwa na haki. Alitamani ardhi ipasuke.

— Basi na we ukamate hii, alisema Stanislas. Akaitoa ya kijani. Uliiomba miaka. Baba yangu angekubali. Kamata!

Mkono wa Clément uliinuka wenyewe. Ilikuwa pale, mbele ya vidole vyake, inatolewa kwa moyo mweupe na mwenye nayo, na hakuna mtu duniani angeweza kumlaumu. Aliitaka kuliko alivyowahi kuitaka. Akavishika vidole vya Stanislas, akavifunga juu ya kalamu.

— Apana. Ile njo yako kabisa.

— Clément, kamata!

— Apana, nilisema.

Aliisema kwa ukali, mpaka Mama Nkandu akaacha kuku akamtazama. Zile nyingine zilikuwa zimemponyoka. Hii peke yake aliitoa.

Filimbi ikapigwa. Stanislas alimkumbatia, akamkumbatia na Mama Nkandu, akaruka ndani na sanduku kwapani. Kutoka dirishani ukatoka mkono wa Mado. Haukuwa wa kupunga. Ulikuwa umenyooshwa, unangoja, na Clément akaukaribia akaushika.

— Baba Clément, alisema Mado. Macho yake yalikuwa makavu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetimiza jambo gumu. Kule Kasai batatuuliza bantu ya Katanga beko namna gani. Mi nilikuwa na jibu yangu. Nilikuwa naipanga mwaka muzima. Sasa nitasema jina yako.

Clément alitaka kumwambia asiliseme. Alifungua kinywa, na treni ikaanza kwenda. Mado hakumwachia mkono, naye hakuuvuta. Akatembea kando ya behewa, kisha akaharakisha, kinywa amekifunga, mpaka sakafu ya stesheni ilipokwisha.